Mnara Usio na Mlango

Uzi ulikuwa bado unagusa.

Resty aliinua msasa, akapuliza taratibu, akaurudisha mnara kwenye shimo lake, kisha akalaza shavu mezani na kufumba jicho la kushoto. Kutoka hapo, jicho likiwa sawa na mapaa ya London ya mezani, aliuona uzi mwekundu ukianzia kwenye msumari wa shaba ukingoni mwa meza. Ulipita juu ya mto, juu ya reli, juu ya vijumba vyeupe visivyo na idadi, halafu ukapanda kidogo mahali ambapo haukutakiwa kupanda. Mnara mpya ulikuwa umeunyanyua. Si sana. Kama kidole kinavyonyanyua shuka.

Ilikuwa saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ukumbi wa mauzo, ghorofa ya tisa ya jengo moja la Jumeirah Lake Towers, Dubai, ulikuwa wake peke yake mpaka saa mbili. Saa nne angefika mnunuzi, mama mmoja mwenye uwezo, kuja kuuona mnara huo na kutia saini. Na akishatia saini yeye, sir Clifford, bosi wa ofisi, angetia ya kwake kwenye barua ya Resty. Ndivyo alivyosema. "Tumalize kwanza na huyu mama, kisha niletee hiyo barua."

Barua yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja. Ilisema kwamba ofisi haina kizuizi, Restituta ahamie karakana ya mzee Adib, mtengenezaji wa modeli. Viza yake ilikuwa inakwisha Alhamisi na ofisi haikutaka kumwongezea, kwa sababu usafi wangepewa kampuni ya nje. Bila saini ile, Alhamisi angepanda ndege kurudi kwao Muleba. Na Muleba mama yake alikuwa amekwishang'oa shamba zima la migomba kwa amri ya bwana shamba, shina moja baada ya jingine, kwa sababu ya ugonjwa wa mnyauko. Kwenye picha aliyotumiwa, nyumba yao ilionekana kutoka barabarani. Resty hakuwahi kuiona hivyo tangu azaliwe. Migomba ndiyo iliyokuwa ikiificha.

Akautoa mnara tena. Akaugeuza miguu juu.

Kwenye mkataba kazi yake iliandikwa usafi na chai. Lakini kwa miaka minne, zaidi ya sakafu na vikombe, alisafisha mji huu wa mezani, mita kumi na moja kwa mita tatu, London na maghorofa yake tangu la kwanza mpaka la jana, uliotengenezwa ili watu wa Dubai waone wanachokinunua kabla hakijajengwa. Vumbi la Dubai halibishi hodi. Huingia usiku kwa matundu ya kiyoyozi, laini kama unga wa muhogo, na kufikia alfajiri London huwa imegeuka jangwa. Resty alilitoa kwa brashi ya kupakia poda usoni, jengo kwa jengo, akianzia magharibi. Msafishaji aliyemtangulia alitumia kitambaa, akavunja minara mitatu katika wiki moja.

Mzee Adib alimkuta siku moja na brashi yake, akasimama nyuma yake akimtazama. Alizaliwa Malindi ya Unguja, akaja Uarabuni kijana kwa njia ya Maskati, na Kiswahili chake kilikuwa kimebaki vilevile, kama nguo iliyotunzwa kabatini.

"Milimita moja hapa ni mita moja kule," alimwambia. "Tatu ni nyumba ya mtu. Ukikwaruza tatu, umeshamvunjia mtu nyumba yake."

"Shikamoo," Resty alijibu.

"Marahaba, mwanangu. Nani kakufunza kuanzia magharibi?"

"Upepo wa kiyoyozi unatoka huko. Nikianzia mashariki, vumbi linarudi nilikotoka."

Tangu siku hiyo mzee kila alipokuja kutengeneza taa au kubadilisha jengo alimwita. Akamfundisha kibano, akamfundisha gundi, akamfundisha kusugua. Kila mnara hutoka karakana na unene wa ziada chini, milimita mbili, ili usuguliwe mpaka ukae sawa kwenye shimo lake. Akamkabidhi pia kopo la biskuti lililojaa minara iliyokwisha kubomolewa kule na kung'olewa huku. Resty aliyajua majengo yale ya kopo kuliko yaliyosimama. Na alipouliza habari za uzi, mzee alivuta kiti akakaa.

"Nje ya mji, maili kumi, kuna kilima. Kuna ua wa miti umekatwa tundu. Ukisimama pale, ukachungulia, unaona kuba la kanisa kuu. Sheria yao inasema mtu asizibwe."

"Mtu gani?"

"Yeyote. Hata wewe ukenda."

Resty alicheka. "Mimi nitaenda lini, mzee?"

"Sheria haikuuliza hilo." Mzee aliupigapiga uzi kwa ukucha, ukatetemeka mpaka kwenye kuba. "Kilima hakikunienea mezani, nikapiga msumari. Ukiweka jengo, uzi ukagusa, usiulaumu uzi. Mkono ndio uliokosea. Toa jengo, sugua chini, rudisha."

Basi alikuwa amesugua. Milimita mbili zote za ziada zilikwisha, na uzi bado uligusa.

Alimpigia mzee Adib. Simu ilikuwa imezimwa, na alijua itakuwa imezimwa, kwani leo ilikuwa siku yake ya kulala kwenye mashine ya figo, Sharjah, mpaka adhuhuri. Mnara ulikuwa umeletwa na dereva jana magharibi, kwenye boksi lenye pamba, pamoja na ujumbe wa sauti: "Mwanangu, weka mwenyewe. Mkono wako umeshafika." Ujumbe huo Resty alikuwa ameusikiliza mara nne, mara mbili kwa sababu ya kazi na mara mbili kwa sababu ya maneno ya mwisho.

Mnara haukuwa mrefu, ghorofa kumi na tisa tu. Mbele ya yale marefu ya mashariki ulikuwa mtoto. Lakini ulisimama karibu na mto, palepale uzi ulipopita. Chini kabisa palikuwa na ngazi nne, miti miwili midogo kama punje za mchele, na mlango wa rangi ya dhahabu usiozidi ukucha wa mtoto mchanga. Kusugua zaidi ya pale ni kusugua ngazi. Kisha mlango.

Resty alifikiri. Alikuwa mtu wa kutazama, na kwa miaka minne alikuwa ametazama wageni wakiitazama modeli. Walikuja Warusi, Wahindi, Waarabu, Wachina. Wote waliangalia juu. Waliuliza juu utaona nini, juu kuna bwawa, juu ni kiasi gani. Hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuinama kutafuta mlango.

Akatandika tishu mezani, akalaza msasa, akaanza. Kwa mviringo, bila kukandamiza, mkono ukienda kama anayesaga kitu cha mgonjwa. Ngazi zilikwenda kwanza. Dhahabu ikafuata. Kila baada ya milimita moja aliujaribu mnara, akalaza shavu, akafumba jicho. Ilipofika ya sita uzi ulinyooka. Akapitisha kipande cha tishu kati ya uzi na paa, kikapita bila kukwama. Akakunja tishu yenye unga wote, akaitia mfukoni, kwa sababu ukumbini hakukutakiwa kubaki hata chembe. Miti miwili ya mchele aliigundisha upya, mbele ya ukuta mtupu.

Terry aliingia saa mbili kasoro dakika tano, viatu mkononi. Ndiye aliyekuwa akiwaeleza wageni historia ya minara, msichana wa Nyeri mwenye Kiingereza kisichokatika.

"Resty, ulilala na hiyo meza ama umeamka nayo?"

"Nimeamka nayo."

"Utaolewa nayo. Skiza, barua yako nimeiona kwa meza ya Clifford. Iko chini ya kikombe."

"Kikombe?"

"Tulia, kikombe ni kikavu." Terry aliinama kuvaa viatu, akiushika ukingo wa meza, uso wake ukiwa karibu kabisa na mnara mpya. Resty alizuia pumzi. "Hii mpya imekaa poa," Terry alisema, akasimama, akaenda kupaka mdomo rangi.

Saa nne na dakika kumi mnunuzi, madam Huda, aliwasili. Resty alikuwa amemtarajia mtu mkubwa. Aliyetoka kwenye lifti ni mama mfupi wa miaka sabini hivi, abaya nyeusi, fimbo mkono wa kulia, na mkono wa kushoto umeshikwa na mwanawe Wahid, mhandisi wa madaraja aliyevaa kanzu nyeupe na kuangalia saa kila mara. Resty alipita na tende na kahawa. Sir Clifford alikuwa amevaa tai ya bluu aliyoivaa siku za mauzo makubwa tu.

Taa zikazimwa. Terry akaanza kubonyeza vitufe, na mji ukawaka mwaka kwa mwaka.

Resty alisimama karibu na mlango wa jikoni na birika lake, midomo ikifuata maneno bila sauti. Aliyajua yote. Mwanzo kabisa ghorofa la kupanga la miaka ya 1870, ambalo malkia alilalamika kuwa linamziba asilione Bunge lake, ikatungwa sheria kwamba nyumba zisizidi futi themanini. Kisha giza la miaka mingi ambapo Terry alibonyeza na hakikuwaka kitu, na wageni walicheka. Kisha 1965, mnara wa simu, mwembamba kama mchi uliosimamishwa. Mwaka uliofuata, mnara mweupe wa njia panda uliokaa miaka mingi bila mpangaji. Kisha ule wa benki, mrefu kuliko yote kwa miaka kumi. Kisha 1991, kule mashariki zilikokuwa gati za meli, mnara wenye paa la piramidi. Kisha Tango, mnara wa vioo ulioitwa hivyo kwa umbo lake. Kisha 2012, mkali kama kipande cha chupa, mita mia tatu na kumi.

"Na huu," Terry alisema, akionyesha jengo lililoinamia nyuma, "umeegemea hivyo ili kupisha kanisa lionekane. Jengo zima, madam, limesogea kupisha."

"Mashallah," alisema madam Huda. "Majengo ya hapa hayapishi mtu."

Kulikuwa na mwaka mmoja ambao Terry huuruka, 1968. Jengo lake lilikuwa kwenye kopo la biskuti, na mzee Adib ndiye aliyemsimulia Resty: ghorofa ishirini na mbili za watu wa kawaida, mashariki kabisa, na mama mmoja wa ghorofa ya kumi na nane aliyeamka alfajiri akawasha kiberiti apike chai. Gesi ilikuwa imevuja. Pembe nzima ya jengo ilishuka, sebule juu ya sebule, na watu wanne wakafa. Yeye mwenyewe alipona. Resty, kila akiwasha jiko la chai la ofisi, humkumbuka yule mama.

"Na sasa," Terry alisema, "nyumba yako, madam."

Mnara mpya ukawaka, wa njano, mpole. Wageni wote waliangalia juu. Sir Clifford alieleza upepo wa mto, machweo, ghorofa ya kumi na tisa peke yake bila jirani. Madam Huda aliitikia kwa kichwa. Kisha akamkabidhi mwanawe kikombe, akashika fimbo kwa mikono miwili, akainama.

Akakaa ameinama.

"Binti," alimwambia Terry kwa Kiingereza cha polepole, "mlango uko wapi?"

"Mlango, madam?"

"Magoti yangu yamekwisha. Nataka kuhesabu ngazi kabla sijanunua."

Terry aliinama. Resty aliona mgongo wake ukikaza. "Uko upande wa pili, madam," Terry alisema, akitabasamu.

Basi madam Huda akaenda upande wa pili. Meza ilikuwa ya mita kumi na moja na hakutaka kusaidiwa. Fimbo ilipiga sakafu, tok, tok, akapita minara ya mashariki, akapita kule gati zilikokuwa, akazunguka, akarudi na mto, na wote walimngoja kama watu wanaongoja lifti. Alipofika akainama tena.

"Hapa pana miti miwili," alisema. "Mlango hapana."

"Labda mtaingia kwa dirisha, mama," Wahid alisema, akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. Akachutama, akaanza kuhesabu kwa kidole, hewani, bila kugusa. Akahesabu tena. "Kumi na saba. Sir Clifford, kitabu chenu kinasema kumi na tisa."

"Kosa dogo la karakana," sir Clifford alisema. "Mtengenezaji wetu ni mzee sana. Leo hii namwandikia kwamba tumeachana. Modeli nyingine itakuwa tayari Jumapili."

Resty aliweka birika chini. Hakukusudia kuliweka kwa kishindo, lakini lilisikika. Mzee Adib alikuwa kwenye mashine muda ule, sindano mkononi, na karakana yake ndiyo kiti pekee Resty alichokuwa amewekewa hapa duniani.

"Si yeye, sir," alisema. "Ni mimi. Nimesugua mimi asubuhi."

Sir Clifford alimgeukia kana kwamba kiti kimesema. "Umesugua?"

"Uzi uligusa."

"Uzi gani?" aliuliza Wahid.

Hapo Resty angeweza kunyamaza. Aliliona hilo vizuri, kama mtu anavyoona ngazi gizani baada ya kuikosa. Lakini alikuwa ameulizwa kwa sauti ya mtu anayetaka kujua, na katika ukumbi ule hakuna aliyewahi kumuuliza chochote ila sukari ngapi. Akamwonyesha. Kwa Kiingereza alichokiokota kwa Terry na kwa mzee, alimweleza kilima, ua, tundu, maili kumi, kuba, sheria. Alimweleza kwamba mnara ulipokuja uzi ulinyanyuka, na kwamba uzi ukigusa mkono ndio umekosea. Alisema milimita sita. Alisema tishu ilipita.

Wahid alilaza shavu mezani, kilemba chake kikigusa mto. Akafumba jicho moja.

Alipoinuka hakumwangalia Resty tena. "Kibali cha jengo kimetoka?"

"Kiko njiani, inshallah," sir Clifford alisema.

"Cha ghorofa kumi na tisa? Au kumi na saba?"

Sir Clifford alicheka. Alicheka kidogo zaidi ya ilivyofaa, na Terry akawasha taa zote, na mji ukapauka.

"Yalla, Wahid," alisema madam Huda, akageukia mlango bila kutia saini.

Alipompita Resty mlangoni alisimama kuvuta pumzi. Mkono wake ulikuwa mwepesi begani kama kitambaa. "Kahawa ilikuwa nzuri, binti yangu," alisema. "Mungu akulipe." Lifti ikafunguka, ikafunga.

Sir Clifford hakupiga kelele. Hilo Resty alikuwa amejiandaa nalo, na halikuja. Alisimama mbele ya modeli, mikono mfukoni, kama anayeiona kwa mara ya kwanza.

"Niambie kitu kimoja," alisema. "Kwa nini hukuutoa uzi tu?"

Resty alifikiri. Lilikuwa swali la kweli, na alilitafutia jibu la kweli. "Uzi ni wa modeli, sir."

"Mnara ndio wa modeli. Uzi ni uzi." Akamwomba Terry mkasi. Terry aliutoa kwenye droo, akampa bila kuinua macho. Uzi ulipokatwa haukutoa sauti. Nusu yake ilirukia kwenye msumari ikajikunja, nusu ilianguka juu ya mapaa, juu ya reli, ikalala mtoni.

Kisha aliingia ofisini mwake, akatoka na barua. Chini ya kikombe ilikuwa imepata duara moja la kahawia, palepale pa saini. Akamrudishia ilivyo.

"Alhamisi ni Alhamisi," alisema. "Khalas. Funguo mpe Terry."

Saa saba mzee Adib alipokea simu. Resty alikuwa jikoni, amesimama, mabegi yake mawili ya nailoni, yenye nguo na vitu vyake vya kazini, yamefungwa. Alisimulia kwa mpangilio, kama anavyopiga brashi, kuanzia magharibi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake ilisikika mashine ikilia kidogo na nesi akiuliza jambo.

"Mzee? Upo?"

"Nipo, mwanangu."

"Mnara uliukata kwa kipimo gani?"

"Kwa kipimo walichoniletea. Kumi na tisa."

"Ulijua kwamba utagusa."

"Uzi ule nimeufunga mimi kwa mkono wangu. N'takosaje kujua?" Akakohoa. "Nilikuwa n'nadhani utaufungua. Nikasema, mtoto ana akili, ataona mnara hauingii, ataufungua uzi, na mimi sitakuwa nimeufungua. Sikudhani utasugua nyumba za watu."

Resty aliangalia jiko la gesi. Lilikuwa safi. Alikuwa amelisafisha mara mbili tangu saa tano.

"Na karakana?" aliuliza. "Bila barua ya ofisi, wewe mwenyewe huwezi kuniandikia?"

"Karakana yangu inakula kwao, Resty." Hakuwahi kumwita jina kabla ya hapo. "Leo wameniacha. Madam Maram wa hesabu kanipigia hata sijatolewa sindano. Nina wafanyakazi watatu, sijui nitawaambiaje." Kisha akasema, taratibu, "Mkono wako umefika, lakini. Hilo sikukudanganya."

"Ahsante, mzee. Upumzike."

"Kopo ulitunze."

"Kopo ni la ofisi," Resty alisema, akakata simu.

Aliliacha kopo juu ya meza, karibu na msumari. Terry alikuwa kwenye kiti chake akijifanya anaandika. Alipoziona funguo zimewekwa mbele yake akazisukuma kwa kidole, huku na huku.

"Nilisema upande wa pili," Terry alisema. "Nilifikiri nimekuokoa."

"Najua."

"Sikuona mlango haupo. Asubuhi nilikuwa hapo kabisa, nikavaa viatu."

"Hakuna anayeuona, Terry."

Wafanyakazi walitoka kwa mlango wa nyuma, karibu na mapipa, na pale kila begi lilikaguliwa. Zamu ilikuwa ya Gerishom, mlinzi wa Vihiga, mtu mrefu aliyezoea kuinama hata mahali pasipo na mlango mfupi. Alifungua mabegi ya Resty, akagusa nguo juujuu kwa adabu, akafunga.

"Na mfukoni, dada. Wanatuangalia," akaonyesha kamera kwa kidevu.

Resty alikuwa amesahau. Alitoa tishu, akaifungua kwenye kiganja. Gerishom aliona unga mweupe, laini sana, na uso wake ukabadilika.

"Resty. Hii ni nini?"

"Ni ghorofa mbili."

"Usinichezee, tafadhali. Nina watoto."

"Ni plastiki ya modeli. Nimeisugua asubuhi. Nusa."

Gerishom alinusa kwa mbali, akanusa tena. Ndani ya unga kulikuwa na chembe chache za dhahabu zilizowaka chini ya taa ya mlangoni. Aliangalia kitabu chake cha ukaguzi, akaangalia kamera.

"Nikiandika unga mweupe, mimi na wewe leo tunalala kituoni," alisema. "Naandika tishu." Akaandika. Kisha akaikunja mwenyewe, kona kwa kona, akamrudishia. "Kesho unaingia saa ngapi?"

"Siingii."

"Keshokutwa?"

Resty alitikisa kichwa. Nyuma walikuwa wamekwishasimama wapishi wawili wa mkahawa wa chini na mabegi yao wazi, Gerishom akawapokea.

Nje jua lilikuwa limesimama utosini, na joto lilimpiga usoni kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Alipanda daraja la waenda kwa miguu linalokwenda metro, lile refu la vioo lipitalo juu ya barabara, na katikati akaweka mabegi chini. Magari yalipita chini yake, safu kumi na mbili, bila kukatika. Mbele ilikuwa Marina na minara yake. Nyuma ilikuwa minara alikotoka. Muleba, kwa jinsi alivyoelewa ramani ya ukutani ya ofisi, ilikuwa kule nyuma, kusini na magharibi kidogo.

Akalaza shavu kwenye kioo cha daraja. Kilikuwa cha moto. Akafumba jicho la kushoto.

Kichwani mwake akafunga uzi wa kuelekea Muleba kwenye chuma cha daraja, pale mkono wake ulipokuwa, akauvuta taratibu, juu ya magari, juu ya ziwa la kuchimbwa, akautafutia pa kupita. Akaanza na mwanya kati ya jengo la kwanza na la pili. Uligusa. Akausogeza kushoto, kwenye mwanya mwembamba zaidi, kulikokuwa na kreni ya njano imesimama. Uligusa. Watu walimpita na mizigo yao, mmoja akamuuliza kama anaumwa, akasema hapana, ahsante. Akausogeza tena.